Gita Linaloomboleza: Paradise Lost na Safari ya Sauti ya Duum Metali

Miongoni mwa matawi ya hevi metali, muziki wa magita mazito uliozaliwa katika miji ya viwanda ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, lipo tawi moja lililoyapa kisogo mashindano ya kasi na kuufanya mwendo wa polepole kuwa msingi wake. Tawi hilo huitwa duum metali, na neno la kwanza la jina hilo hubeba maana ya maangamizi ambayo mtu ameandikiwa na hawezi kuyakwepa. Halina uhusiano wowote na kitenzi cha Kiswahili kudumu, ingawa nyimbo za dakika nane au kumi zingeweza kumshawishi msikilizaji mgeni aamini vinginevyo. Makala haya yanaifuata bendi moja ya tawi hilo, Paradise Lost ya mji wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, ambayo tangu ilipoundwa mwaka 1988 imetoa albamu 17 za studio na kuibadili sauti yake mara nyingi kuliko bendi nyingi za rika lake zilivyothubutu, huku wanne kati ya watano walioianzisha wakibaki pamoja hadi leo.

Asili ya mwendo wa polepole hutafutwa Birmingham, mji wa karakana za chuma, ambako bendi ya Black Sabbath iliundwa mwaka 1968. Mpiga gita wake, Tony Iommi, alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia katika mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17, na kwa kuwa yeye hupiga gita kwa shoto, mkono huo ndio aliokuwa akiutegemea kubania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvisha vidole vilivyokatika, akatafuta nyuzi nyembamba zaidi, na baadaye akazilegeza ili kupunguza mvutano wake. Uzi uliolegezwa hutoa noti ya chini kuliko kawaida, na kufikia albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 sauti hiyo ya chini, nzito na yenye kukokota, ilikuwa imekwisha kuwa alama ya bendi. Miaka kumi na kitu baadaye, wakati wanamuziki wengi wa metali walipokuwa wakishindana nani apige haraka zaidi, bendi chache zilirudi kwa makusudi kwenye urithi huo: Trouble ya Chicago, Saint Vitus ya Los Angeles, na Candlemass ya Sweden, ambayo albamu yake ya kwanza ya mwaka 1986 ilichangia sana kulipa tawi hili jina.

Ili kuelewa kile ambacho vijana wa Halifax waliongeza juu ya urithi huo, inafaa kwanza kutazama kinachotokea katika gita lenyewe. Kikuza sauti kinapolazimishwa kupita uwezo wake hutoa mkwaruzo unaoitwa distoshini, na mkwaruzo huo, mbali na kuichafua sauti, huirefusha pia, kwa hiyo noti ambayo katika gita la kawaida ingefifia upesi huendelea kuvuma. Mpigaji wa muziki wa kasi hana nafasi ya kuutumia uvumaji huo kwa sababu noti inayofuata huifukuza iliyotangulia, lakini mpigaji wa duum huuacha ujae chumba kizima kabla ya kugusa uzi tena, naye mpiga dramu hulazimika kungoja. Kungoja huko kuna ugumu wake, kwani mpigo ukichelewa au ukiwahi kidogo katika wimbo wa haraka kosa hupita bila kutambuliwa, ilhali katika wimbo wenye mapigo 60 kwa dakika, au pungufu, kila kosa husimama wazi na hakuna pa kulificha.

Distoshini ina athari nyingine ambayo haizungumzwi sana nje ya duru za wanamuziki. Noti tatu zinazounda fungu kamili la noti, zikipigwa kwa pamoja katika mkwaruzo mkali, hugongana na kugeuka kelele; ndiyo maana wapiga gita wa metali huiondoa noti ya katikati na kubaki na mbili, ile ya msingi na ile ya tano kutoka hapo. Sasa, noti ya katikati inayoondolewa ndiyo inayoamua kama fungu ni la meja, ambalo masikio mengi hulisikia kuwa na uchangamfu, au la maina, ambalo husikika kuwa na huzuni. Fungu linalobaki lina nguvu nyingi lakini halijaamua hisia yake, na uamuzi huo huachiwa sauti nyingine itakayopita juu yake.

Msomaji aliyezoea muziki wa dansi anaujua mgawanyo wa kazi kati ya gita la ridhimu, linaloshikilia mwendo, na gita la solo, linaloimba. Katika Paradise Lost gita la ridhimu ni la Aaron Aedy na la solo ni la Gregor Mackintosh, ambaye ndiye pia mtunzi mkuu wa muziki wa bendi. Katika bendi nyingi za roki mpiga solo hungojea zamu yake katikati ya wimbo, akaonyesha wepesi wa vidole vyake, kisha akarudi nyuma; Mackintosh hufanya kinyume, kwa kupitisha juu ya mafungu mazito ya Aedy mstari mmoja wa noti ndefu, unaopanda na kushuka taratibu kama sauti ya mfiwa, na mstari huo huanza karibu na mwanzo wa wimbo na kuusindikiza mpaka mwisho. Mstari huo ndio unaoirudisha ile noti iliyoondolewa, na hivyo ndio unaotamka huzuni ambayo mafungu ya ridhimu peke yake yasingeweza kuitamka. Wanaoisimulia historia ya bendi hii kwa kuhesabu imebadilika mara ngapi huelekea kusahau kwamba kitu hiki kimoja hakijawahi kuondoka.

Halifax ni mji wa West Yorkshire uliojengwa kwa pamba na sufu, hasa sufu. Jengo lake mashuhuri, Piece Hall, lilifunguliwa mwaka 1779 ili wafumaji waje kuuzia vitambaa vyao humo, na kiwanda chake kikubwa cha mazulia, Dean Clough, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati waanzilishi wa bendi hii walipokuwa bado shuleni. Ni rahisi mno kusema kwamba mvua na viwanda vilivyofungwa ndivyo vilivyozaa muziki wa majonzi, na waandishi wengi wamelisema hilo bila kujiuliza kwa nini miji mingine kadhaa yenye mvua na viwanda vilivyofungwa haikuzaa kitu cha namna hiyo. Linaloweza kuonyeshwa kwa uhakika zaidi ni kwamba eneo hilo dogo lilikuwa njia panda ya aina mbili za muziki. Leeds, mji ulio umbali usiofika kilomita 30, ulikuwa nyumbani kwa The Sisters of Mercy, bendi ya roki ya gothiki yenye sauti nzito ya kiume na mdundo wa mashine, na wakati huohuo vijana wa kumbi ndogo za Bradford na vitongoji vyake walikuwa wakibadilishana kwa posta kanda za dethi metali, tawi jipya na kali ambalo mwimbaji wake haimbi bali hunguruma kutoka kooni.

Nick Holmes, mwimbaji, pamoja na Mackintosh, Aedy, mpiga besi Stephen Edmondson na mpiga dramu Matthew Archer, walijikuta kwenye njia panda hiyo. Jina walilolichukua ni la utenzi mrefu wa John Milton uliochapishwa mwaka 1667, unaosimulia jinsi binadamu alivyoipoteza bustani ya Edeni. Kanda zao za majaribio ziliifikia Peaceville, kampuni ndogo ya kurekodi ya huko huko Yorkshire, na mwaka 1990 ikawatolea albamu ya kwanza, Lost Paradise. Albamu hiyo ni dethi metali iliyopunguzwa mwendo. Ina uzito, ina ghadhabu, na haina mengi zaidi ya hayo. Lau bendi ingeishia hapo, ingekumbukwa na wakusanyaji wa kanda pekee.

Mwaka mmoja tu baadaye ilitoka Gothic, na tofauti kati ya albamu hizo mbili ni kubwa kuliko mwaka mmoja unavyoweza kueleza. Mngurumo wa Holmes bado upo, lakini katika wimbo unaofungua albamu sauti ya mwanamke, Sarah Marrion, inapita juu yake kama ya mtu anayeimba katika chumba cha pili. Nyuma yake kuna sauti za nyuzi za okestra. Na gita la Mackintosh, ambalo katika albamu ya kwanza lilikuwa bado linajitafuta, sasa limepata ule mstari wa maombolezo ulioelezwa hapo juu. Haikuwa mara ya kwanza kwa bendi kali ya metali kukaribisha wanawake na vyombo vya okestra, kwa kuwa Celtic Frost ya Uswisi ilikuwa imefanya hivyo mwaka 1987, na vijana wa Halifax waliisikiliza kwa makini. Hata hivyo Celtic Frost ilivichanganya vitu hivyo kama mtu anayefanya jaribio, wimbo huu hivi na ule vile, ilhali katika Gothic mchanganyiko umekuwa lugha ya albamu nzima.

Jina la albamu hiyo lina historia yake. Neno gothiki lilitumika kwanza kwa dharau kuyaita makanisa ya Ulaya ya zama za kati yenye matao yaliyochongoka, likahamia kwenye riwaya za karne ya 18 zilizojaa majumba mabovu na mizuka, kisha likafika kwenye roki ya miaka ya 1980 iliyopenda mavazi meusi na makaburi. Baada ya mwaka 1991 lilipata makao ya nne, gothiki metali, yaani metali inayounganisha uzito wa duum na utusitusi wa roki hiyo, na mbinu ya kuukabilisha mngurumo wa mwanamume na sauti laini ya mwanamke ilichukuliwa na kuendelezwa na bendi nyingi za bara la Ulaya, Theatre of Tragedy ya Norway ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Nchini Uingereza kwenyewe, Peaceville ilikuwa na bendi mbili nyingine zilizofuata njia hiyo: My Dying Bride ya Bradford, iliyoingiza fidla na kubaki karibu na duum kwa miongo kadhaa, na Anathema ya Liverpool, ambayo baadaye iliiacha metali kabisa. Mashabiki huziita zote kwa pamoja tatu za Peaceville.

Kwa Paradise Lost mafanikio ya Gothic yalileta mkataba na kampuni kubwa zaidi, Music for Nations, na mfululizo wa albamu tatu zilizosimamiwa na prodyuza Simon Efemey. Ya kwanza, Shades of God ya mwaka 1992, ni ndefu na yenye kujipindapinda, kama kazi ya watu waliokwishajua wanachotaka kuacha lakini hawajajua wanachotaka kuchukua. Hata hivyo wimbo wake As I Die, ulio mfupi na ulionyooka kuliko mingine yote ya albamu hiyo, ndio uliowapa umaarufu na kuwaonyesha njia. Katika Icon ya mwaka 1993 Holmes aliuacha mngurumo na kutumia sauti kavu iliyo kati ya kuimba na kufoka, maneno yakaanza kusikika, nyimbo zikafupishwa, na mstari wa Mackintosh ukapata nafasi kubwa kuliko wakati wowote uliotangulia kwa sababu haukulazimika tena kugombea masikio ya msikilizaji na koo linalonguruma. Draconian Times ya mwaka 1995, ambamo Lee Morris alikalia kiti cha dramu baada ya Archer kuondoka, iliisafisha sauti hiyo zaidi na kufika nafasi ya 16 katika orodha ya albamu zilizouzwa zaidi Uingereza, jambo lisilotarajiwa kwa bendi ambayo miaka mitano kabla ilikuwa ikinguruma katika kumbi za vijiji.

Mashabiki wengi huitaja Draconian Times kuwa kilele cha bendi. Ina nyimbo bora, bila shaka, na kinanda kinachoifungua ni cha kukumbukwa. Lakini uzani wa mambo yote, yaani ukali, huzuni na ustadi wa kuuunda wimbo, umekaa sawasawa zaidi katika Icon, na albamu iliyofuata inakuwa kwa sehemu fulani Icon iliyopigwa pasi. Huenda wanamuziki wenyewe waliliona hilo, maana walichofanya baadaye ni kitendo cha watu walioiona hatari ya kujirudia.

One Second, iliyotoka mwaka 1997, inaanza kwa kinanda na sauti ya Holmes anayeimba kikamilifu, bila kufoka. Midundo ya mashine imeingia, magita yamerudi nyuma hatua kadhaa, na wanamuziki, ambao nywele ndefu zilikuwa karibu sare ya kazi yao, walionekana katika picha mpya wakiwa wamezikata. Hatua hiyo ya kinyozi iliwaudhi baadhi ya mashabiki karibu sawa na muziki wenyewe. Miaka miwili baadaye ikaja Host, safari hii kupitia EMI, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za kurekodi duniani. Prodyuza wake, Steve Lyon, alikuwa amefanya kazi na Depeche Mode, kundi la Kiingereza linalopiga muziki wake kwa sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme vinavyounda sauti badala ya kuirekodi, na kivuli cha Depeche Mode kimetanda albamu nzima. Magita ya kukwaruza yametoweka karibu yote, na mahali pake pamejaa midundo ya kompyuta, nyuzi za okestra na sauti ya Holmes iliyo laini na ya karibu.

Wafuasi wa metali waliipokea Host kama usaliti, na redio za muziki wa kawaida, ambazo huenda EMI ilizitarajia, hazikuikumbatia kwa kiasi cha kufidia hasara hiyo. Hukumu ya wakati huo, kwamba bendi iliuza utu wake kwa ajili ya fedha, haina mashiko, kwa sababu bendi inayotaka fedha haiutupi muziki ambao tayari unaiingizia fedha. Na anayeisikiliza Host leo bila kinyongo atatambua kwamba mistari ya muziki iliyomo imetungwa kwa mkono uleule ulioitunga Icon, noti ndefu zinazoshuka hatua kwa hatua katika ufunguo wa maina, isipokuwa kwamba zimehamishiwa kwenye kinanda. Dosari yake halisi ni nyingine. Muziki wa duum hutegemea mvutano kati ya kitu kizito kilicho chini na kitu chepesi kinachojaribu kupaa juu yake, na Host ilipouondoa uzito wa chini, mstari wa juu ulibaki hauna cha kushindana nacho. Huzuni ipo, ila haina mzigo.

Miaka iliyofuata inaweza kusimuliwa kwa haraka. Believe in Nothing ya mwaka 2001 iliyarudisha magita kwa kusitasita, na mwaka 2018 ilitolewa upya baada ya sauti zake kuchanganywa upya kabisa. Symbol of Life ya mwaka 2002 na albamu ya mwaka 2005 iliyobeba jina la bendi zilisimamiwa na Rhys Fulber, mtu wa muziki wa mashine, na zote mbili zinasikika kama daraja, kila moja ikiwa na nguzo moja upande huu na nyingine upande wa pili. Inastahili kutajwa tu kwamba katika kipindi cha Symbol of Life bendi ilirekodi upya wimbo wa Dead Can Dance na mwingine wa Bronski Beat, kundi la pop la miaka ya 1980, ushahidi kwamba masikio yao hayajawahi kukaa ndani ya ua wa metali peke yake.

In Requiem ya mwaka 2007 ndiyo iliyowafanya mashabiki wa zamani waanze kurejea, kwani uzito ulikuwa umerudi chini na gita la Mackintosh limerudi juu yake, mpangilio ambao uliendelea katika Faith Divides Us – Death Unites Us ya mwaka 2009 na Tragic Idol ya mwaka 2012. Lakini mabadiliko makubwa ya kipindi hiki yalianzia nje ya bendi. Baada ya kifo cha baba yake, Mackintosh aliunda bendi nyingine, Vallenfyre, ambamo hakupiga gita tu bali alinguruma pia, na albamu yake ya kwanza, A Fragile King ya mwaka 2011, ilikuwa dethi metali chafu ya aina aliyoipiga akiwa kijana, sasa ikiwa na msiba wa kweli ndani yake. Mwaka 2014 Holmes naye alijiunga na Bloodbath, bendi ya Sweden ya dethi metali, kama mwimbaji wake. Watu wawili walioiacha lugha hiyo miaka ishirini iliyotangulia walikuwa wameanza tena kuizungumza, kila mmoja katika nyumba ya jirani, na haikuchukua muda kabla ya kuirudisha nyumbani.

The Plague Within, iliyotoka mwaka 2015, ina mngurumo na uimbaji wa kawaida bega kwa bega, mara nyingine katika wimbo mmoja. Humo pia umo Beneath Broken Earth, wimbo wa taratibu kupita kiasi, ambamo mpigo mmoja wa dramu unaonekana kuwa umesahaulika kabla mwingine haujaanguka, na wimbo huo ulikuwa mbegu ya albamu iliyofuata. Medusa ya mwaka 2017, iliyosimamiwa, kama ile iliyotangulia, na prodyuza Jaime Gomez Arellano, ndiyo kazi ya duum iliyo kamili kuliko zote ambazo Paradise Lost imewahi kutoa, nzito na ya mwendo wa polepole zaidi hata ya zile za ujanani. Wimbo unaoifungua, Fearless Sky, unazidi dakika nane, na sehemu kubwa ya muda huo hutumika kuyaacha mafungu ya ridhimu yavume. Ni kosa kuiita kurudi nyuma. Kijana wa mwaka 1990 alipiga polepole kwa sababu alitaka kutisha, lakini wapigaji wa Medusa wanajua kupima ukimya ulio kati ya noti na noti, na ujuzi huo walijifunza kwa sehemu kubwa katika miaka ileile ya sinthesaiza ambayo mashabiki wangetaka ifutwe.

Mpiga dramu wa Medusa alikuwa Waltteri Väyrynen, kijana wa Kifini aliyezaliwa baada ya Gothic kutoka, na hapa panahitajika maneno machache kuhusu kiti hicho. Holmes, Mackintosh, Aedy na Edmondson hawajawahi kuachana tangu mwaka 1988, uthabiti ulio nadra katika muziki wowote, lakini nyuma yao wapiga dramu wamepokezana kama walinzi wa zamu: Archer, Morris, Jeff Singer, Adrian Erlandsson wa Sweden, Väyrynen ambaye mwaka 2022 alihamia bendi ya Opeth, kisha Guido Montanarini, na mwaka 2025 Singer akarudi. Kila mmoja ameacha alama yake, Morris kwa uchangamfu wake, Väyrynen kwa uwezo wa kupiga polepole bila kulegea, ila hakuna aliyeugeuza mwelekeo wa bendi, na hilo lenyewe linaonyesha mahali ambapo mwelekeo huo huamuliwa.

Mwaka 2014 bendi ilipanda jukwaa la ukumbi wa kale wa Kirumi mjini Plovdiv, Bulgaria, pamoja na okestra ya mji huo na kwaya, na onyesho hilo likatolewa mwaka uliofuata kwa jina la Symphony for the Lost. Bendi nyingi za metali zimefanya mradi wa aina hiyo, na mara nyingi okestra hugeuka pambo lisilo na kazi. Hapa ilikuwa na kazi, kwa sababu nyimbo za Gothic zilikuwa zimeandikwa na nafasi ya nyuzi ndani yake tangu mwanzo, na zile sauti ambazo mwaka 1991 zilibanwa na bajeti ndogo ya studio zilipata hatimaye watu wa kuzipiga kwa wingi wao.

Obsidian ilitoka Mei 2020, katika wiki ambazo kumbi za Ulaya zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya UVIKO-19, kwa hiyo nyimbo zake mpya zilisikika jukwaani kwa mara ya kwanza katika onyesho lisilo na hadhira lililorekodiwa Yorkshire na kutolewa mwaka 2021 kwa jina la At the Mill. Albamu yenyewe inafunguliwa na gita lisilo la umeme na nyuzi za okestra, kisha mngurumo unaingia bila hodi. Baadaye kidogo wimbo wa Ghosts unacheza kwa mdundo wa roki ya gothiki ambao mtu wa Leeds wa mwaka 1985 angeutambua mara moja. Albamu ya 17, Ascension, ilitoka Septemba 2025 ikiwa imesimamiwa na Mackintosh mwenyewe, na ndani yake mngurumo, uimbaji wa kawaida, mwendo wa polepole na ule wa haraka hupishana kwa uhuru wa watu ambao hawana tena haja ya kuchagua upande.

Kabla ya Ascension, mwaka 2023 ulikuwa umeleta rekodi mbili ambazo zikiwekwa pamoja zinastahili kusikilizwa kwa makini. Mnamo Februari, Holmes na Mackintosh walitoa albamu iitwayo IX kwa jina jipya la kundi, Host, yaani jina la albamu iliyowagharimu mashabiki mwaka 1999, na muziki wake ni wa sinthesaiza na midundo ya mashine, ukianzia pale albamu ile ya zamani ilipoishia. Desemba ya mwaka huohuo Paradise Lost ilitoa Icon 30, ambayo ni Icon iliyopigwa na kurekodiwa upya kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho baada ya miaka 30, na wanaume waliovuka umri wa miaka 50. Koo la Holmes limeshuka na kukwaruza zaidi, ridhimu ya Aedy ina kina ambacho studio za mwaka 1993 hazikuweza kukitoa, na mstari wa gita la solo umepigwa karibu noti kwa noti kama ulivyokuwa. Mackintosh hakuona la kubadilisha hapo.